Mbona kitabu cha mdogo wangu kina joka la Ulaya?

Najua nimepotea. Testi tatu ndani ya wiki moja si mchezo, na hii ya Saikolojia ya Elimu ndiyo imenimaliza kabisa. Leo nilitakiwa niwe najiandaa na seminari ya kesho, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili na nisipolitoa sitalala. Linahusu jalada la kitabu. Ndiyo, jalada. Wenzangu chumbani wameshachoka kunisikia, sasa ni zamu yenu.

Iko hivi. Mdogo wangu wa kiume yuko nyumbani Kasingirima, kule Ujiji. Alimaliza Form Four, matokeo hayakuwa mazuri, na tangu hapo anakwenda ziwani na mjomba kuvua dagaa. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, mitumbwi ilivutwa mchangani na watu wakakaa. Wengine walikwenda shamba, wengine walicheza karata chini ya miembe kutwa nzima. Yeye akanunua kaunta buku akaanza kuandika. Niliporudi likizo nikakuta kaunta buku tatu zimejaa, mwandiko umelala kama umepigwa na upepo. Nikaanza kusoma saa mbili usiku. Adhuhuri ya kesho yake mama ananiuliza naumwa nini, mbona sijaamka.

Ni riwaya ya mambo ya ajabu, hizi tunazofundishwa darasani kuziita za kifantasia. Serikali imefunga ziwa, hakuna mtumbwi hata mmoja majini, lakini kila usiku mtoto mmoja anaona taa. Zinawaka palepale ambapo wavuvi huwa wanatega, ila ziko chini ya maji. Sisemi zaidi maana nataka mnunue.

Kwa ambao hamjafika kwetu niwaeleze kidogo. Dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Usiku wa giza ukisimama ufukweni Ujiji unaona taa zimejipanga kule mbali kuelekea Kongo, utadhani kuna mji. Wageni huuliza, "Ule mji unaitwaje?" Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo niliamini ni mji, na niliamini siku moja nitapelekwa. Sasa fikiria miezi mitatu huo mji umezimwa. Ndipo mdogo wangu alipoitolea hadithi yake.

Basi nikaichapa yote kwenye kompyuta, kidogo kidogo, mara nyingine maktaba, mara nyingine kwa laptopu ya kuazima. Mjomba akatoa hela, mama mkubwa akatoa ya dagaa, na mimi nikakata kwenye boom (mnaonijua mnakumbuka yale maharage ya kila siku, sasa mmejua sababu). Tumepata ya kutosha kuchapa nakala 200. Nikampata fundi wa grafiki hapa mjini, nikamweleza hadithi, akasema nisijali, ameelewa.

Jumapili akanitumia jalada.

Wadau, lina kasri la mawe juu ya mlima wenye theluji. Lina joka lenye mabawa linatema moto. Mbele amesimama mzungu amevaa joho lenye kofia, ameshika upanga. Nyuma yao mwezi mpevu mkubwa kuliko kasri lenyewe. Jina la kitabu limeandikwa kwa herufi zinazochuruzika damu. Kwenye hadithi hakuna kasri, hakuna upanga, hakuna theluji, na damu inayomwagika ni ya kuku mmoja tu, ukurasa wa 40 hivi.

Nikamtumia mdogo wangu nikijua tutacheka pamoja. Akanipigia hapohapo, sauti imebadilika kwa furaha. "Dada, hiki sasa ndiyo kitabu! Kinafanana na vile vya dukani."

Hapo ndipo nilipokosa la kusema. Tangu siku hiyo nabishana naye kichwani.

Nianze kwa kumtetea, maana hoja yake si ya kijinga. Jalada lina kazi ya kumwambia mtu hiki ni kitabu cha aina gani kabla hajasoma neno. Anayependa mambo ya ajabu anatafuta dalili, na joka ni dalili anayoijua kila mtu aliyewahi kuangalia filamu. Tena mnakumbuka enzi za kanda na diski za Bongo, miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi? Makasha yale hayakuwa na aibu. Ulikuwa ukipita kibandani unajua moja kwa moja kwamba hapa kuna jini na usiku hutalala. Watu walinunua. Mimi nilikuwa mdogo, naangalia makasha tu nakimbia. Kwa hiyo anayesema jalada lipige kelele kidogo simpingi.

Lakini ona tofauti. Yale makasha yalikuwa na sura za watu wetu. Jini alikuwa amekaa kwenye nyumba ya bati kama ya jirani, na ndiyo maana nilikimbia. Joka hili la theluji halimtishi mtu yeyote Kasingirima, liko mbali mno. Mtu ataliangalia aseme "aa, vitu vya wazungu," apite zake. Na yule mpenzi wa majoka akikinunua, atafika ukurasa wa 10 hajaona bawa, ataona ametapeliwa. Atakuwa na haki.

Halafu ule mwezi. Mjomba alipoonyeshwa kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na taa haivuti samaki. Kila mtoto wa Ujiji anajua. Yaani fundi katundika mwezi mpevu juu ya kitabu ambacho hakiwezekani bila giza. Nilipomwambia akajibu, "Sista, mwezi unaleta mvuto."

Kuna jambo jingine linaloniuma kwenye lile joho. Mhusika wa mdogo wangu ni mtoto mweusi wa Ujiji, na jalada limemfanya mzungu bila hata kuulizana. Hili si letu peke yetu. Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyeandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, alimfanya mchawi wake Ged awe na ngozi ya rangi ya shaba, na watu wengi wa visiwa vyake si weupe. Ruth Robbins aliyechora toleo la kwanza aliheshimu hilo. Matoleo mengi yaliyofuata yalimpaka Ged weupe, na mwandishi alilalamika miaka na miaka kwa sababu wachapishaji waliamini mtu mweusi juu ya jalada hauzi. Mwaka 2018 kikatoka Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, binti mweusi mwenye nywele nyeupe kajaa jalada zima, na kikauza sana tu. Kwa hiyo tusidanganyane.

Na wala si jambo jipya kwa Kiswahili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kile kitabu maarufu cha Lewis Carroll. Picha za John Tenniel zilichorwa upya, na Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. Mwaka 1940, jamani, chini ya mkoloni! Leo sisi wenyewe, kitabu chetu wenyewe, tunamleta mzungu na upanga wake.

Sasa, nilipomaliza kukasirika nikakaa nichore jalada langu. Mtumbwi, ziwa, milima ya Kongo kwa mbali, jua linazama. Nikaona nimeweza. Mwenzangu wa chumba akaangalia akasema, "Hiki ni Jiografia Darasa la Sita?"

Iliniuma, ila alisema kweli. Upande wa pili wa barabara kuna shimo jingine. Tumezoea kwamba picha ya nyumbani kwetu, yaani kijiji, mtumbwi, mama na ndoo, ni picha ya kitabu cha kiada. Mwanafunzi akiiona anasikia harufu ya chaki. Anajua mwisho wa sura kuna maswali. Tuna riwaya za ajabu za kwetu tangu zamani: Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951, Adili na Nduguze ya 1952, Nagona ya Kezilahabi ya 1990, Ziraili na Zirani ya Mkufya ya 1999. Lakini wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert kama mtihani. Nani alituambia Kusadikika ni nchi inayoning'inia angani? Mwalimu wangu alitupa dhamira na mafunzo, nchi angani ikapita kama ajali.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilijaribu kitu. Kipindi cha maktaba, Form Two, niliweka vitabu vitano mezani nikasema kila mmoja achague bila kufungua. Kilichogombaniwa na wavulana ni kimoja kilichokuwa hakina jalada kabisa. Limechanika zamani, mtu akakifunga kwa gazeti la michezo lenye picha ya mechi ya Simba na Yanga. Waligombana kusoma gazeti! Baada ya kumaliza matokeo ya mechi, mmoja akakifungua. Kilikuwa Adili na Nduguze. Kengele ilipolia alikuwa bado ameinama, amefika kwa wale manyani. Nikawaza, kama mtu angekuwa amewachora wale manyani wawili wanaopigwa mijeledi na mtu anayelia... tena anayelia ni yule anayepiga! Nani angekipita kitabu kile mezani?

Ndiyo maana nasema jalada la riwaya ya ajabu lichukue kitu kimoja ambacho msomaji anakijua kama kiganja chake, halafu likiharibu mahali pamoja tu. Ukichukua kigeni juu ya kigeni, kasri na joka na theluji, hakuna kinachoshtua kwa sababu hakuna kilichokuwa cha kawaida. Ukiacha cha kawaida bila kukigusa unapata Jiografia. Palipoharibika ndipo jicho linaponasa.

Tazameni jalada la Jurassic Park alilobuni Chip Kidd mwaka 1990. Kitabu kimejaa mijusi mikubwa inayokula watu, lakini yeye aliweka mifupa tu, myeusi, kama ile ya kwenye makumbusho. Msituni, watu wanaokimbia, damu, vyote aliviacha nje. Mifupa ya makumbusho inajulikana, imekufa. Iweke juu ya riwaya na mtu anaanza kujiuliza kama kweli imekufa. Filamu ilipotoka 1993 wakaichukua picha ileile iwe nembo yao.

Na kama ni lazima kuwe na kiumbe cha kutisha, kwa nini tukaazime? Wamakonde wamechonga mashetani miaka mingi. George Lilanga, aliyefariki 2005, alichora mashetani yenye masikio makubwa na rangi za kuwaka, yamejazana kwenye turubai utadhani ni abiria wa daladala la jioni. Watalii wanapanda ndege kuja kununua picha za namna ile. Sisi tunawauzia, halafu tunapakua joka la bure kwenye intaneti.

La bure lenyewe si la bure. Nilimuuliza fundi lile joka alilipata wapi, akaniambia "mtandaoni". Kuna mtu alilichora. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda michoro, na kuikuta picha kwenye intaneti hakuifanyi iwe yako. Zaidi ya hapo picha ilikuwa ndogo. Kwenye simu inapendeza, ila mashine ya kuchapa inataka kama nukta 300 kwa kila inchi, na ile ikivutwa ifikie ukubwa wa kitabu, joka linageuka vigae vya bafuni.

Mambo ya uchapaji nimeyajua juzi tu kwa kusumbua watu, nitayasema kwa haraka. Rangi ya skrini ni mwanga, ya karatasi ni wino. Ile bluu ya ziwa inayong'aa kwenye kompyuta ikifika kwenye karatasi inapoa. Kwa hiyo jalada la giza kama letu lazima lichapwe nakala moja ya majaribio kwanza, uione kwa macho, uitoe nje juani, ndipo useme ndiyo. Weusi mtupu wenye kung'aa unashika alama za vidole, bora plastiki isiyong'aa. Pia mgongo wa kitabu usiachwe mtupu. Riwaya ya kurasa 160 ina mgongo wa kama milimita 8, jina linaenea vizuri, na rafuni mgongo ndiyo sura yenyewe.

Na kabla hujafika rafuni kuna simu. Siku hizi kitabu kinauzwa kwanza kwenye statasi ya WhatsApp, jalada lina ukubwa wa kidole gumba. Jalada la fundi nikilipunguza hivyo naona uji mwekundu. Kipimo changu sasa ni simu ya mwenzangu, ile yenye kioo kilichopasuka, naishika mbali, mkono umenyooka. Kama jina halisomeki na kile kitu kimoja hakionekani, turudi mezani. Waangalie wanaobuni kanga: pindo pembeni, mji katikati, jina chini. Mama anapita ng'ambo ya barabara na bado umeshasoma alichokusudia jirani yake asome. Hakuna herufi zinazochuruzika damu pale.

Uhaba wa hela nao usitutishe sana. J. R. R. Tolkien alijichorea mwenyewe jalada la The Hobbit mwaka 1937. Alitaka jua na joka viwe vyekundu, wachapishaji wakakataa kwa ajili ya gharama. Likatoka na nyeusi, bluu na kijani, milima na miti tu pamoja na weupe wa karatasi, na mpaka leo watu wanalipenda. (Ndiyo, lina joka. Ila kitabu chake kina joka!)

Kwa hiyo nikachora tena. Safari hii nimevuta mitumbwi yote mchangani, imefunikwa kichwa chini kama ilivyokuwa mwaka 2024. Hakuna mtu. Hakuna mwezi. Ziwa jeusi, limechukua zaidi ya nusu ya jalada. Na ndani ya maji, kwa chini kabisa, mstari wa taa za njano, kama ule wa kila siku ila uko mahali pasipo pake. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu, nikaona weusi ule uwe na kazi. Rangi mbili tu na weupe wa jina. Mkono wangu si wa msanii, mitumbwi yangu imefanana na ndizi, lakini wazo linaonekana.

Sikumtumia mdogo wangu moja kwa moja. Nilituma majalada yote mawili kwenye simu ya mama mkubwa, ambaye kusoma anasoma kwa shida na riwaya hana habari nazo. Alipoliona la joka akasema, "Zuri mwanangu, la Yesu hili?" (Sijui aliona nini, nadhani ni lile joho.) Alipoliona la pili akanyamaza kidogo, nasikia tu kuku nyuma yake. Kisha akauliza, "Mitumbwi si yote iko hapa nchi kavu? Sasa hizo taa za nani?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yake, nikamsikia anaanza kumwelezea hadithi tangu mwanzo. Mama mkubwa anauliza, yeye anajibu. Salio langu likakatika wakiwa bado wanaendelea.

Jana usiku akanitumia ujumbe. Amekubali taa, ila anasema mitumbwi nimeikosea, ya kwao haina pua kama hiyo, na anataka jina lake liwe kubwa kuliko nilivyoliweka. La jina tutabishana. La mitumbwi amesema kesho asubuhi anashuka ufukweni kuipiga picha kwa simu ya mjomba, pande zote, nikae nichore upya.

Mchapaji anataka faili kabla ya Ijumaa saa kumi. Fundi wa joka nimeshamlipa nusu na hela ile nimeisamehe. Kama kuna mtu hapa chuo anajua kuchora kwa mkono, ana mkono mzuri wa maji na mwanga, anitafute. Malipo ni kidogo, lakini jina lake litaandikwa ndani ya kitabu na dagaa wa Kigoma nitampa, wale wenyewe, waliokaushwa vizuri, si wa mchanga.

Haya, seminari inaningoja. Sijasoma hata ukurasa.